Fundi wa Kauri Ndogo

Mutisya Munge alirudi Wamunyu, Machakos, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ujuzi wa uchongaji alioupata Tanganyika. Tangu hapo Wakamba wamesifika kwa kazi ya kupunguza gogo mpaka libaki umbo. Leo namsifu fundi wa kazi iyo hiyo kwa kauri: mbunifu wa antena za rezoneta ya daielektri, yaani antena ambazo kipande cha kauri kisichopitisha umeme ndicho hurusha mawimbi ya redio.

Kazi yake iko kwenye mawimbi ya milimita, gigahezi 30 hadi 300, yenye nafasi tele ya kupitisha data. Huko juu antena ya shaba huanza kusaliti. Katika gigahezi 30 mkondo wa umeme hupita juujuu tu, katika tabaka lisilofika nusu ya mikromita, na sehemu ya nguvu huishia kuwa joto. Kauri haina mkondo wa namna hiyo. Mwaka 1983 Stuart Long na wenzake wa Chuo Kikuu cha Houston walionyesha kwamba mcheduara wa daielektri, usio na chuma mwilini, unaweza kuwa antena kamili.

Tutazame kipande chenyewe. Kwa gigahezi 30 wimbi hewani lina urefu wa milimita 10. Ndani ya alumina, yenye pemitiviti (kipimo cha jinsi kitu kinavyolifupisha wimbi) ya karibu 10, hubaki kama milimita 3. Mwenye pupa atatafuta kauri yenye pemitiviti kubwa zaidi ili kipande kizidi kuwa kidogo. Lakini kauri ya namna hiyo hulikumbatia wimbi, na upana wa masafa hupungua. Fundi hodari huchagua kwa kiasi. Kisha hukiweka kipande juu ya mwanya mwembamba unaokilisha mawimbi, akihakikisha gundi haiachi hewa chini yake, kwani hewa kidogo tu huyasogeza masafa. Vipimo vyote vikipungua kwa asilimia 4, masafa hupanda takriban kwa kiasi hicho: zaidi ya gigahezi 1. Na kwenye kipande cha milimita 2.5, asilimia 4 ni sehemu moja tu ya kumi ya milimita.

Uangalifu huu una maana kwetu. Mvua ya vuli inayomfurahisha mkulima wa Mwala hulidhoofisha wimbi la milimita likiwa njiani. Nguvu iliyookolewa kwenye antena ndiyo itakayolivusha.

Basi wenye vyuo vya Machakos na wanaoujenga mji wa teknolojia wa Konza wasiwaachie vijana programu za kompyuta peke yake. Wawape kauri, mashine ya kuikata na chumba cha kupimia. Programu hutabiri, kipimo ndicho huthibitisha. Antena isiyopimwa bado ni mchoro.