Padri kijana asiyejua bahari

Kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kolegi ikikaribia, au mashindano ya teatri yakitangazwa, walimu huanza kutafuta mchezo wa kufaa. Mara nyingi hurudia kulekule: maisha ya martiri fulani, au mchezo wa Molière wa kuchekesha. Yote mawili ni mema. Lakini leo twataka kuwaonyesha wasomaji wetu mchezo mfupi wa Irlandi, uwafaao sana vijana wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare. Tena tutasema wazi kosa liwezalo kuuharibu.

Jina lake ni Riders to the Sea, maana yake Wapanda farasi waendao baharini. Aliyeuandika ni John Millington Synge, aliyezaliwa karibu na Dublin tarehe 16 Aprili 1871, siku zile Livingstone alipokuwa hapa Nyangwe akitafuta mitumbwi ya kuvuka Lualaba. Tangu mwaka 1898 Synge alikwenda mara kwa mara katika visiwa vya Aran, magharibi ya Irlandi, akakaa na wavuvi na kujifunza lugha yao. Mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 25 Februari 1904. Una kitendo kimoja tu, na wenye maneno mengi ni wanne: mama, binti wawili na mwana.

Habari yenyewe ni hii. Mama Maurya amekwisha kupoteza mume, baba mkwe na wana wanne katika maji. Wa tano, Michael, hajulikani alipo; mbao za sanduku lake zimesimama ukutani zikingoja. Bartley, mwana wa mwisho, ataka kuvuka bahari aende kuuza farasi. Mama amkataza, yeye hasikii. Atoka akimtakia mama baraka ya Mungu, na mama hamjibu. Binti wamtuma amfuate njiani, ampe mkate na baraka. Akimwona, maneno yakwama kooni. Huku nyumbani binti wafungua furushi la nguo za mtu aliyeokotwa mbali. Nora ahesabu mishono ya soksi aliyoifuma kwa mkono wake, na hivi wajua kwamba Michael amekufa. Kisha watu wamleta Bartley juu ya ubao, amefunikwa kipande cha tanga, maji yakichuruzika. Farasi alimsukuma baharini.

Sasa tufike kwenye jambo letu. Katika mchezo huu yuko padri kijana ambaye hatumwoni hata mara moja. Ndiye aliyeleta furushi la nguo. Ndiye aliyekataa kumzuia Bartley asisafiri. Naye aliwapa binti neno la faraja: mama husali sana usiku, na Mungu hatamwacha bila mwana hata mmoja. Nora alishika neno hili, na hofu ilipozidi akamkumbusha mama. Mama alijibu kwa kifupi tu kwamba mtu kama padri yule hajui sana habari za bahari. Muda kidogo tu, Bartley analetwa maiti.

Kosa tuliloliogopa ni hili: mwalimu mwenye nia njema aweza kulifuta jibu la mama, asije akaonekana kumdharau padri. Au aweza kuongeza sala ndefu mwishoni na wimbo wa kuitikiwa na wote, ili watu warudi nyumbani wametulia. Akifanya hivi, ameutoa moyo wa mchezo. Tena amewanyima waseminari somo ambalo wengi hulipata kwa uchungu, mwaka wa kwanza wa upadri, mbele ya maiti ya mtoto.

Mtu atasema: «Synge alizaliwa katika jamaa ya Waprotestanti, akaacha imani angali kijana. Mwaka 1907 watu wa Dublin walifanya fujo juu ya mchezo wake mwingine, The Playboy of the Western World. Je, tumfuate mtu huyu katika seminari?» Tunajibu: tuyapime maneno ya mchezo wenyewe. Mama Maurya hamtukani Mungu. Mwishoni anyunyiza maji ya baraka juu ya Bartley na juu ya nguo za Michael, kisha awaombea wanawe wote kwa majina, na nafsi yake, na kila mtu aliyebaki hai duniani. Asiyeamini hakumnyima mama huyu imani yake. Alisikiliza vema akaandika.

Na padri kijana alikosa wapi? Labda alimkumbuka mjane wa Naim, aliyerudishiwa mwana wake wa pekee. Lakini mwaka ule ule wajane wengi wa Israeli walizika wana wao, wala hawakurudishiwa. Bwana Yezu mwenyewe, kule Nazareti, aliwakumbusha watu kwamba wajane walikuwa wengi siku za Elia, naye Elia alitumwa kwa mmoja tu, wa Sarepta. Mungu ametuahidi ufufuko. Hakutuahidi kwamba mtumbwi hautapinduka. Padri akichanganya ahadi hizi mbili, siku mtumbwi utakapopinduka watu wataziacha zote mbili. Rafiki za Ayubu walifanya vema walipokaa naye chini siku saba wakinyamaza. Walikosea walipofungua kinywa.

Hapa Nyangwe hakuna haja ya kueleza sana. Wagenya ni watu wa mto tangu zamani, wavuvi na wavushaji. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa biashara ya utumwa walipopiga bunduki sokoni, watu wengi, wanawake hasa, walikimbilia majini wakazama. Mama wa huku akimwona Maurya atamtambua.

Basi, maneno machache kwa wenye kuupanga mchezo. Kwanza, utafsiriwe. Kiingereza cha Synge kinafuata mwendo wa lugha ya wavuvi. Kiswahili chake kiwe kile cha nyumbani na cha pwani ya mto. Derek Walcott alikwisha kuonyesha njia mwaka 1954: mchezo wake The Sea at Dauphin, uliotokana na huu, waongea kama wavuvi wa kisiwa chake. Pili, mvulana akivalishwa kikwembe awe mama mzee, watu watacheka. Heri kuwaomba wasichana wa liseo. Tatu, kilio kisizidi. Sisi twajua kulia matanga, na ngoma ikiingia, sauti ya Maurya itazama. Mwisho wake ni wa polepole, karibu na kunyamaza.

Pazia likifungwa, watu wasiharakishwe kupiga makofi. Na waseminari watakaokuwa pale wajiulize: ningalikuwa mimi padri yule, siku ile ningaliingia nyumbani mwa Maurya na neno gani? Asiye na neno bado, aingie hata hivyo, akae chini pamoja naye.