Nyinyoro na Maua ya Mashamba: Ishara ya Yungiyungi kwa Msomaji wa Kimilili

Makala haya mafupi yanapinga mazoea ya kulifasiri yungiyungi, popote litajwapo katika Maandiko, kuwa ishara ya usafi na ubikira. Fasiri hiyo imekuzwa zaidi na sanaa ya Ulaya kuliko na matini yenyewe. Leonardo da Vinci, katika picha yake ya Maria akipashwa habari, aliyoichora katika miaka ya 1470, alimpa malaika Gabrieli ua jeupe mkononi. Wachongaji nao wakampa Mtakatifu Yosefu fimbo iliyochanua maua hayo hayo.

Kimilili, chini ya Mlima Elgon, mapokeo mawili hukutana. Mkatoliki huliona ua hilo jeupe katika sanamu za watakatifu. Muumini wa Kanisa la Marafiki, ambalo wamisionari wake walifika Kaimosi mwaka 1902, husali katika nyumba isiyo na sanamu. Yeye hulijua ua kwa neno tu. Huyu wa pili ndiye anayetufaa kiuhakiki.

Neno lenyewe si moja. Biblia ya Union ya mwaka 1952 inatumia "nyinyoro" katika Wimbo Ulio Bora, lakini katika sura ya sita ya Mathayo inataja maua ya mashamba. Nyinyoro tuijuayo Afrika Mashariki huchanua kichwa chekundu, na wekundu huo unaafikiana na matini: sura ya tano ya Wimbo inafananisha midomo ya mpenzi na ua hilo, na midomo haisifiwi kwa weupe. Ishara hapa ni ya mahaba na uhai.

Katika Mathayo tatizo ni zito zaidi. Kwa msomaji wa Kimilili, shamba ni mahali pa jembe, mahindi na palizi. Ua limealo humo bila kupandwa ni gugu. Tena lipo gugu liitwalo kiduha, lenye maua ya zambarau, ambalo hunyonya mizizi ya mahindi na limewaletea njaa wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya. Je, mtu huyu aambiwe aache kusumbuka kwa kukitazama kile anachokipalilia?

Tunadai kwamba ugumu huu ndio unaoifungua maana. Matini hayalisifu ua kwa usafi wake, wala hayausifu uvivu. Yanasema kwamba hata kimea kisicho na bei, ambacho kesho kitatupwa motoni, kimevikwa fahari kumpita Sulemani. Fahari hiyo haikustahiliwa; imetolewa bure. Anayeng'oa magugu na kuyachoma anaielewa hoja hii vizuri kuliko mtazamaji wa picha, ingawa haimwondolei palizi. Basi uhakiki wa ishara za Biblia katika Kiswahili hauna budi kuanzia katika neno na udongo wa msomaji, ndipo uziendee picha za Ulaya.