Kutoka Madogo Hadi Moyale kwa Gari la Kulala

Ukiwa Madogo na ramani mkononi, safari ya Moyale haionekani ngumu. Unavuka daraja la Tana, unaingia Garissa, unashika barabara ya Modogashe na Habaswein hadi Wajir, kisha Buna, kisha mpaka wa Ethiopia. Mwenye gari la kulala, lile lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani, akiipanga safari vyema hufanya kinyume. Hurudi magharibi hadi Mwingi na Thika, akakata kuelekea Isiolo, ndipo apande kaskazini. Anaongeza mamia ya kilomita, na ana hoja.

Hoja kubwa ni lami. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, ilikamilika kuwekwa lami katikati ya muongo uliopita. Kabla ya hapo kipande cha Marsabit na Moyale kilikuwa kikivunja springi za malori. Lori hustahimili kutetemeka, lakini gari la kulala ni nyumba: bomba la gesi hulegea, kabati hufunguka, skrubu huanguka moja moja. Njia ya Wajir ina vipande vya lami na vipande vya udongo na mchanga, na hapo uzito ndio unaoamua. Lita 200 za maji ni kilo 200. Wengi hujaza kila tangi kwa kuhofia ukame, halafu gari linazama mchangani kwa uzito wa hofu yenyewe.

Halafu kuna mto. Madogo haihitaji kunyeshewa ili ifurike. Mvua ikipiga Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya Masinga na Kiambere yakijaa na kumwaga, maji hutufikia siku kadhaa baadaye chini ya jua kali. Novemba 2023 barabara ya Garissa ilikatika, ikakatika tena Aprili 2024, mwezi ambao basi lilisombwa karibu na Tula na abiria 51 wakaokolewa. Kwa hiyo anayepanga safari hafuati wingu la hapa. Hufuata habari za mabwawa, na huepuka Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Kaskazini zaidi laga, yaani mkondo wa mto mkavu, huwa na hila hiyohiyo, na mchanga wake laini hushawishi watu kulala palepale. Usikubali.

Usalama si suala la ushujaa. Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa na washambuliaji Mandera, na baadaye mabasi ya huko yakawa yakisindikizwa na polisi. Gari la kulala halimaanishi kulala popote: simama kabla ya jua kuzama, ndani ya ua wa nyumba ya wageni, na usome hati yako ya bima uone maeneo inayoyaondoa.

Ukitaka kuchepuka, chepuka Laisamis. Barabara ya huko kuelekea Loiyangalani, kilomita 208, iliboreshwa ili kupitisha mitambo 365 ya umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Ni nadra shehena ya mapanga ya upepo kumfungulia msafiri njia.

Uamuzi wangu: Isiolo, kati ya Juni na Septemba, tangi la maji nusu. Njia ya Wajir waachie wenye malori na wenyeji wanaojua ilivyo leo.