Uzuri wa Mwili Msalabani

Ukiishika Ndia Kuu mpaka mwisho wake utafikia Ngome ya Yesu, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Cairati, mtu wa Milano. Ramani hiyo, itazamwapo kutoka juu, yafanana na mwili wa mtu. Kwani kwa mafundi wa Italia wa zama zile, vipimo vya mwili vilikuwa kivuli cha mpango wa Mungu.

Marsilio Ficino wa Florence, aliyefasiri vitabu vya Plato kwa Kilatini, alifundisha kuwa uzuri tuuonao ni mwali wa uzuri wa Mungu, nao hutupandisha kwake. Basi mtazame Kristo msalabani, aliyechorwa na Michelangelo kwa chaki nyeusi yapata mwaka 1540, kwa ajili ya Vittoria Colonna. Yu hai, ameinua macho. Kifua kipana, misuli imejaa kama ya mpiga makasia. Wako wasemao kuwa uzuri huo umeficha mateso. Nami niliwahi kusema hivyo darasani, nikakosea. Mwili uliokonda tungeuhurumia tu. Huu, kwa kuwa ni mzima, watuonyesha ukubwa wa kinachopotea.

Ndani ya ngome, Wareno walichora ukutani, kwa makaa na udongo mwekundu, merikebu, samaki na watu. Wanafunzi wangu huwacheka watu wale, maana vipimo vya Florence havimo. Mimi siwacheki. Aliyechora merikebu ile, nadhani, alikuwa akiwaza safari ya kurudi kwao.