Dakika Nzima

Mama akiingia wodi ya watoto ya hospitali ya kaunti, Kilifi, na mtoto wa miezi saba aliyefungwa leso, muuguzi mzoefu hamnyakui. Humkaribisha mama aketi, amfungue taratibu, ampakate. Pumzi za mtoto anayelia hazihesabiki. Hata hivyo macho yameshaanza kazi: rangi ya ulimi, pua zinazotanuka, kichwa kinachotikisika kila pumzi. Ulimi ungekuwa umegeuka buluu, oksijeni ingetangulia na maswali yangefuata.

Fulana inapandishwa. Saa yenye mkono wa sekunde huishika kando ya kifua cha mtoto, ili asihangaike kugeuza shingo, kisha anahesabu dakika nzima. Hahesabu nusu akazidisha kwa mbili, maana mtoto hupumua bila mpango: hukimbiza pumzi, akatulia, akaanza tena. Chini ya miezi 2, pumzi 60 ni nyingi. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, 40. Huyu ana 58.

Ustadi hasa uko kwenye kifua. Mtoto mzima akivuta pumzi, tumbo na mbavu za chini hupanda pamoja. Kichomi kikimbana, tumbo hupanda huku mbavu za chini zikizama. Mbonyeo wenyewe ni mdogo, na mtoto aliyejikunja kiunoni huudanganya. Basi muuguzi anamlaza chali mapajani mwa mama, anamwelekeza dirishani ili mwanga upige kwa ubavu, na kutazama tena. Lazima mbavu zizame kila pumzi, si mara moja moja. Naustaajabia ukaidi huo wa kutokubali mapema.

Kisha anatega sikio. Mkwaruzo wakati wa kuvuta pumzi hutoka kooni. Mluzi wakati wa kuitoa, mirija ya mapafu imebana. Mguno mfupi mwishoni, mtoto anapigana mapafu yasijifunge.

Kipimo cha oksijeni kinafungwa kwenye kidole gumba cha mguu. Mguu ni baridi, nao mguu baridi husoma uongo. Anaupasha moto kiganjani, anangoja wimbi kwenye kioo litulie. Asilimia 86. Chini ya 90, oksijeni. Anasafisha pua, anaweka mirija miwili midogo, plasta mashavuni, lita 1 kwa dakika. Penisilini na jentamaisini zinafuata. Halafu anarudi kuhesabu upya, na atarudi tena.

Chanjo ya nimokoka, bakteria wa kichomi, iliingia Kenya mwaka 2011, na watafiti wa KEMRI-Wellcome hapa Kilifi waliona watoto wanaolazwa kwa kichomi kilichothibitishwa kwa eksirei wakipungua karibu nusu. Waliobaki bado wanahitaji jicho hili.

Siku ya kuruhusiwa, anamwinulia mama fulana ya mwanawe, anamwonyesha mbavu zilivyo sasa. "Ukiziona zinazama tena, mama, au akishindwa kunyonya, usingoje kuche."