Besi Kushoto, Gitaa Kulia: Ufundi wa Albamu ya Kwanza ya Ramones

Kila kizazi kina vijana wanaokutana na bendi ya Ramones kwa mara ya kwanza na kujikuta wamenasa. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka Aprili 1976, ina nyimbo 14 na haifikishi nusu saa. Wengi hudhani kinachowavuta vijana ni kelele na hasira. Nimeisikiliza tangu ujana wangu, na ninaamini kinachowavuta ni ufundi: albamu hii inamwonyesha msikilizaji wazi jinsi muziki wa panki unavyojengwa.

Tuanze na mkono wa kulia wa mpiga gitaa Johnny Ramone. Wapiga gitaa wengi huchapa nyuzi wakishuka na kupanda, na hivyo mkono hupata nafuu. Johnny alichapa kwa kushuka tu. Wimbo wa “Blitzkrieg Bop” unakwenda kwa takriban mapigo 175 kwa dakika, naye huchapa mara mbili katika kila pigo. Hiyo ni karibu mara sita kwa sekunde, kwa zaidi ya dakika mbili. Faida yake ni kwamba kila mchapo una uzito uleule, na gitaa moja linaujaza wimbo mzima.

Aliyelelewa na muziki wa dansi atasubiri gitaa la solo lijibizane na ridhimu. Hapa atasubiri bure. Dee Dee anashikilia besi kwenye nota ya msingi, sambamba na gitaa. Tommy, ambaye awali alikusudiwa kuwa meneja wa bendi, anapiga drams bila madoido. Utamu wote ameachiwa mwimbaji, Joey, ambaye melodia zake zinatokana na pop ya Marekani ya miaka ya 1960. Si ajabu kwamba humo ndani wamerudia “Let's Dance”, wimbo uliotamba mwaka 1962.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika studio. Walirekodi Februari 1976 katika Plaza Sound, ndani ya jengo la Radio City Music Hall jijini New York, kwa muda wa wiki moja hivi. Gharama ilikuwa takriban dola 6,400, fedha kidogo mno kwa albamu ya roki ya wakati ule. Prodyuza Craig Leon, akishirikiana na Tommy, alitumia mgawanyo wa sauti unaokumbusha rekodi za awali za stereo za Beatles: besi upande wa kushoto, gitaa upande wa kulia, drams na sauti ya mwimbaji katikati.

Uamuzi huo ndio ninaouheshimu kuliko yote. Kijana mwenye hedifoni akivua upande wa kulia, gitaa linatoweka na besi inabaki na drams na sauti ya mwimbaji. Akivua wa kushoto, anamsikia Johnny bila besi. Anaweza kuchukua chombo chake na kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Husimuliwa kuwa Sid Vicious, aliyekuja kuwa mpiga besi wa Sex Pistols, alijifunza kwa kupiga sambamba na albamu hii. Bendi ilipotumbuiza Roundhouse, London, tarehe 4 Julai 1976, ilikuta vijana wa Uingereza waliokwisha kuisikia albamu hiyo na waliokuwa wakiunda bendi zao.

Sokoni albamu ilisuasua. Ilitunukiwa dhahabu nchini Marekani mwaka 2014, miaka 38 baadaye. Lakini thamani yake haipimwi kwa mauzo. Kuna rekodi nyingi zilizopigwa kwa ustadi mkubwa zaidi, ila ni chache zinazomkaribisha anayeanza kwa uwazi kama huu. Kijana unayetamani kupiga muziki, isikilize kwa sikio moja kwanza, kisha kwa jingine. Halafu shika gitaa uanze.