Sifa za Jani la Karoti

Ukinunua karoti karibu na shamba, iwe Lushoto au Mgeta, mara nyingine utazikuta bado na majani yake. Muuzaji atauliza, "Nikuvunjie majani, mama?" na wala hatasubiri jibu. Atashika fungu zima kwa mkono mmoja, atazungusha mara moja kwa mkono wa pili, na kijani chote kitaanguka chini kwenye lundo la kulishia mbuzi na sungura. Kwa jambo moja yuko sahihi: majani yakiachwa huendelea kunyonya maji ya mzizi, na baada ya siku chache karoti husinyaa. Lakini kuyatenganisha ni kazi moja, kuyatupa ni nyingine.

Nashangaa kwa sababu sisi ni watu wa mboga za majani. Kisamvu tunakitwanga mpaka mikono inauma, tunakichemsha muda mrefu kiishe sumu, ndipo tunakitia tui. Majani ya maboga tunayamenya nyuzi moja moja. Ya kunde tunayaanika kwa ajili ya kiangazi. Jani la karoti halidai hata nusu ya taabu hiyo, nalo tumemwachia sungura. Wapo wanaoamini lina sumu. Halina. Uchungu kidogo linao, lakini mlaji wa mnafu na mchunga ataogopaje uchungu? Karoti ni ya ukoo mmoja na giligilani na bizari nyembamba. Sugua jani changa vidoleni, unuse, utautambua ukoo huo bila kuambiwa.

Kulipanda kunataka subira kuliko nguvu. Mbegu ni ndogo mno, na karoti haipendi kuhamishwa: ukiiotesha kitaluni kisha ukaing'oa, mzizi hugawanyika. Kwa hiyo hupandwa pale pale itakapokulia, kwenye kifereji kisichozidi kina cha sentimita 1, mbegu ikiwa imechanganywa na mchanga mkavu ili isimwagike yote mahali pamoja. Samadi mbichi isisogee hapo. Kisha unangoja, wiki moja, mbili, wakati mwingine hata tatu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Udongo wa juu ukikauka wakati mbegu imeanza kupasuka, kazi imeharibika. Gunia lililoloweshwa likitandikwa juu husaidia, mradi liondolewe siku ile ile miche ya kwanza inapochungulia.

Sisi wa Pwani tuna kesi yetu na joto. Karoti hustawi vizuri penye nyuzi 15 hadi 20, ndiyo maana ni zao la milimani. Huku kwetu mzizi hutoka mfupi na umepauka. Mkulima wa Usambara akisema tunajisumbua, kwa upande wa mzizi anasema kweli. Ila anayefuata jani hahitaji mzizi wa kupeleka sokoni. Kiroba cha unga kilichokatwa nusu, kikatobolewa chini na kuwekwa mahali jua la mchana halipigi moja kwa moja, kinamtosha. Hata kichwa cha karoti kilichobaki jikoni, kikiwekwa kwenye kisahani chenye maji kidogo, huchipua majani mapya. Mzizi hakirudishi kamwe, lakini majani ya kunyunyiza juu ya supu utayapata.

Ufundi wenyewe uko kwenye kuchuma. Jani ndilo linalolisha mzizi, kwa hiyo anayenyoa mche mzima kwa siku moja amekula mboga leo na karoti ya kesho. Mwenye mkono mzuri hushika mche karibu na udongo kwa mkono wa kushoto ili usitikisike, kisha kwa wa kulia huvunja jani la nje, moja au mawili tu, akihamia mche mwingine. Moyo wa katikati haugusi. Jani la kuchuma lina urefu wa kiganja na hukunjika bila kukatika. Likipita hapo, bua lake hugeuka nyuzi mdomoni. Matamu kuliko yote ni ya miche ya kupunguzia, ile inayong'olewa ili inayobaki ipate nafasi ya sentimita 5 hivi. Hiyo huliwa mizima, na kamzizi kake. Yenye madoa ya kahawia yaache. Na kama ngozi yako huwashwa upesi, usiyashike yakiwa na majimaji ukiwa juani.

Kuna sababu ya kutotegemea majani ya sokoni. Aliyelima kwa ajili ya mzizi hupuliza dawa kwenye majani bila kuwaza kwamba kuna mtu atayala. Ya kwako unajua yalinyweshwa nini.

Jikoni yanakwenda na mengi: kachumbari, bhajia, hata mchuzi wa karanga wa kupikia mchicha, kwa kuwa karanga humeza uchungu. Mabua magumu yatie kwenye supu ya mifupa, uyatoe kabla ya kupakua. Lakini heshima ya jani hili iko kwenye chatini. Chukua majani machanga yaliyoondolewa mabua, nazi iliyokunwa, kitunguu saumu, pilipili mbichi, chumvi na ndimu. Saga kwa maji kidogo sana. Maji yakizidi inakuwa uji. Onja, kisha ongeza ndimu, maana karibu kila mara hutaka zaidi ya ulivyodhani. Kwa samaki wa kukaanga, chatini hii naiweka mbele ya ile ya kotimiri. Kwa mishikaki, kotimiri bado inashinda.